Maziwa ya kienyeji ni mazito kweli, ila uzito usikudanganye

Mi nimefuga ng'ombe na mbuzi wa kienyeji kwa zaidi ya miaka kumi na swali ninaloulizwa kila mara ni lilelile, eti maziwa yao ni dawa? Sio dawa jamani, ni maziwa. Mazuri sana, ila kuna mambo niliyajua kwa kuumia na sioni sababu na wewe uumie.

Tuanze na huo uzito maana ndo unaowachanganya watu. Ukichemsha maziwa ya zebu, yule mwenye nundu, ukayaacha yapoe, juu unakuta utando mnene hadi unauinua na kijiko. Hayo ni mafuta. Ng'ombe wa kienyeji anafika kama asilimia 5 na saa nyingine anapita, wakati Friziani, yule ng'ombe wa kisasa wa maziwa, anachezea 3.5 hadi 4. Sasa mtu akishaona ule utando anajiambia kila kitu kimezidi, hapana, kalsiamu haionekani kwa macho, kikombe cha mililita 200 kina kama miligramu 240 na kwa hapo hao ng'ombe wawili hawaachani sana. Unachopata zaidi ni mafuta na nguvu, na protini kidogo juu yake. Alafu zebu wako anatoa lita mbili, ndama naye anadai zake, kwa hiyo ukipiga hesabu ya siku nzima Friziani wa lita 20 anamwacha mbali hata kwa hayohayo mafuta.

Na kuna kitu kilinichukua muda kukigundua. Mafuta mengi yako kwenye maziwa ya mwisho kwenye kiwele, sa mimi nilikua nakamua ya kwanza alafu namwachia ndama amalizie, nakunywa mepesi huku nalalamika ng'ombe wangu kabadilika! Malisho nayo usiyadharau, nikiwalisha majani makavu siagi inatoka nyeupe, wakirudi kwenye majani mabichi siku chache tu inakua njano, ile rangi ni karotini ambayo mwili unaigeuza vitamini A.

Kwa mbuzi usiitafute hiyo njano. Mbuzi anaigeuza karotini kuwa vitamini A mwenyewe kabla haijafika kwenye maziwa ndo maana yanabaki meupe, na matone ya mafuta yake ni madogo kwa hiyo malai, ule utando wa mafuta, hayapandi juu haraka. Yakiganda tumboni yanatoa bonge laini, wengi wanasema hayawalemei na mimi ni mmoja wao.

Sasa hapa ndo niliumia. Mdogo wangu maziwa yalimkauka mtoto akiwa na miezi mitano, tukaambiwa ya mbuzi ni sawasawa na ya mama, basi nikawa nampelekea kila asubuhi, tena najisifu. Mtoto akanenepa kidogo, tukafurahi, alafu akaanza kupauka viganja na kulala hovyo, kupimwa damu iko chini kabisa. Daktari akatuuliza anakunywa nini, tukasema kwa fahari, akatikisa kichwa. Maziwa ya mbuzi yana foleti, aina ya vitamini B, kidogo sana, hayafikii hata ya ng'ombe, na madini ya chuma ni haba kwenye maziwa yote, na bila hivyo viwili damu haitengenezwi vizuri. Tena protini yake ni kama mara tatu ya ile ya maziwa ya mama, figo za kichanga zinabebeshwa mzigo, na ukiongeza maji ili kupunguza unapunguza na nguvu pia. Chini ya mwaka mmoja usimpe ya mbuzi wala ya ng'ombe kama kinywaji chake kikuu, nenda kliniki wakuelekeze maziwa ya watoto. Akishapita mwaka na anakula vizuri, mpe, hamna shida.

Mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe naye asikimbilie mbuzi, protini zinafanana na wengi wanadhurika vilevile. Kama shida yako ni gesi na kuharisha, hiyo huwa ni laktosi, yaani sukari ya maziwa, na mbuzi anayo karibu sawa na ng'ombe, jaribu mtindi kwanza, bakteria wanakua wameshakula sehemu yake.

Kuchemsha ni lazima, nasema lazima, ugonjwa wa brusela na kifua kikuu vinapita kwenye maziwa mabichi na mnyama anaweza kuonekana mzima kabisa. Vitamini kidogo zitapotea, zipotee tu.

Na kama unayakataa ya mbuzi kwa sababu ya harufu, muulize mfugaji beberu analala wapi, maana harufu yake inahamia kwenye maziwa. Mimi wangu nilimjengea banda la mbali, nikawa nasafisha chuchu na kuyapoza maziwa mara tu baada ya kukamua, yule mdogo wangu aliyekua anaziba pua siku hizi ananisumbua yeye.