Kunakili picha ya Sacharoff kwa pasteli: mbona nyekundu inageuka kahawia?

SWALI: Ninajifunza peke yangu kuchora kwa pasteli, yaani chaki laini za rangi, na nimechagua kunakili picha iliyochorwa na Alexej Jawlensky inayomwonyesha mcheza dansi Alexander Sacharoff akiwa amevaa nguo nyekundu. Kila nikifika kwenye nguo, mistari myeusi ya mipaka inaingia ndani ya nyekundu na kuifanya kahawia, na uso nao unapata rangi ya majivu. Je, kosa ni la chaki zangu za bei nafuu, au picha ya rangi za mafuta haifai kunakiliwa kwa pasteli?

JIBU: Picha hiyo inafaa sana. Jawlensky aliichora mwaka 1909 mjini Munich, ambako hadi leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lenbachhaus, na alitumia rangi za mafuta juu ya kadibodi. Inasimuliwa kwamba Sacharoff aliondoka nayo ikiwa bado mbichi, kwa kuhofia kwamba mchoraji angeirudia na kuibadilisha. Iwe ndivyo au sivyo, ukiitazama utaona kwamba rangi zimewekwa kwa kasi, kila moja mahali pake, pasipo kulainishwa, na pasteli hupenda kutumiwa hivyo hivyo.

Chaki za bei nafuu huwa na kijazio kingi na rangi kidogo, kwa hiyo zinachangia kufifisha kazi, lakini kwa maelezo yako naona shida kubwa ni mpangilio. Inaelekea umeanza na mistari myeusi, kisha ukajaza nyekundu na kuisugua kwa kidole. Unga mweusi uliokuwa umelala juu ya karatasi ukahamia kwenye nyekundu, na nyekundu inayoelekea chungwa ikichanganyika na nyeusi haina budi kuwa kahawia.

Geuza utaratibu. Chora umbo kwa wepisi ukitumia kijiti kigumu cha nyekundu iliyokolea, ambacho hata kikichanganyika na nguo hakitaichafua. Jaza nguo kwa ubavu wa chaki, ukiacha ufa wa milimita 2 hivi mahali ambapo mstari utapita, na usisugue kabisa. Mipaka ije mwishoni, kwa buluu iliyokolea sana badala ya nyeusi tupu, kila mstari ukivutwa mara moja kwa mkono ulioinuliwa kutoka kwenye karatasi. Mstari ukikosewa, uondoe kwa brashi kavu yenye nywele ngumu. Kifutio cha kawaida hulainisha uso wa karatasi, na pasteli haitashika tena hapo.

Uso unahitaji subira zaidi. Sacharoff amepakwa poda nyeupe kama mtu anayekwenda jukwaani, na wanafunzi wengi hutafuta kivuli cha weupe huo kwa kuchanganya nyeupe na kijivu, ndiyo maana wako umekuwa wa majivu. Tandaza kwanza kijani hafifu mahali penye vivuli, kisha pitisha juu yake nyeupe yenye uwaridi kidogo, kwa mgandamizo mdogo kiasi cha kijani kuendelea kuchungulia. Kijani hicho kitaonekana kikali mno ukikitazama peke yake, lakini kikikaa jirani na eneo kubwa la nyekundu jicho litakipokea kama kivuli. Midomo iwekwe mwisho, kwa mguso mmoja.

Karatasi iwe na uso unaokwaruza. Msasa laini wa fundi seremala hutosha kwa mazoezi, ingawa hula chaki na ncha za vidole. Picha halisi inakaribia mraba, sentimita 69.5 kwa 66.5, kwa hiyo kwenye karatasi ya A3 pima kimo cha sentimita 28 na upana wa 26.8 kabla hujaanza, la sivyo utalazimika kumrefusha mtu ili ajaze karatasi. Rangi za kwenye simu usiziamini moja moja. Linganisha ipi ina giza kuliko ipi.

Dawa ya kupulizia ili unga ushike itumie kidogo, kwenye tabaka za chini tu, kwa sababu hutia rangi giza na weupe wa uso ndio huumia kwanza. Vumbi likizidi, usilipulize kwa mdomo: peleka nje ubao ulioshikilia karatasi, uukung'ute kwa nyuma, kisha upanguse meza kwa kitambaa chenye unyevu.