Jibu: kifungu cha kutoshindana franchaizi ikiisha

Ndugu, umeuliza kama kifungu cha kutofungua mgahawa unaofanana kwa miaka 2 baada ya franchaizi (mkataba wa kuendesha biashara kwa jina na mfumo wa kampuni nyingine) kuisha kitakubana huko Marekani. Inategemea jimbo. California, kifungu cha 16600 cha sheria ya biashara kwa kawaida hukibatilisha. Georgia ni kinyume: kwa aliyechukua franchaizi, miaka 3 au pungufu huchukuliwa kuwa muda wa haki, na jaji anaweza kulipunguza katazo lililozidi badala ya kulifuta.

Usiri ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Mapishi na orodha ya wateja hulindwa kama siri za biashara hata California, kwa hiyo rudisha mwongozo wa uendeshaji na usibaki na nakala. Kabla ya kusaini mkataba wa franchaizi, soma kipengele cha 17 cha hati ya ufichuzi, yaani hati ya maelezo ambayo kampuni inayotoa franchaizi humpa mnunuzi. Lazima uwe nayo siku 14 kabla ya kusaini.