Anza na upande wa nyuma: kwa anayejifunza tarizi za India

Wanafunzi wengi wakishika kitambaa kilichotariziwa kwa mkono, wanausifu uso wake na kuanza kuuiga. Nami nilianza hivyo. Siku hizi mwanafunzi akinijia namwambia akigeuze kwanza.

Chukua chikankari ya Lucknow, uzi mweupe juu ya melimeli nyeupe. Katika mshono uitwao bakhiya, uzi mwingi hukaa nyuma, ukipishana chini ya jani. Usoni unaona mistari miwili ya mishono midogo, na kati yake kivuli tu. Mimi nililijaza jani langu uzi kwa juu, likawa zito kama kiraka. Nikafumua na kurudia siku nzima mpaka nikakigeuza kitambaa cha fundi na kuona siri ilipo. Anza na tepchi, ambayo ni kama kupiga bandi. Murri, kivimbe mfano wa punje ya mchele, isubiri mpaka mkono utulie. Aliyewahi kuzungushia uzi vitundu vya kofia za pwani ataielewa hool upesi, maana nayo ni kitundu kinachozungushiwa uzi. Jali ni jambo jingine: hapo hukati kitu, unazisukuma nyuzi za kitambaa kwa sindano na kuzibana hadi wavu utokee. Na ukiona alama za buluu kwenye kazi mpya usiogope. Mchoro hupigwa kwa mihuri ya mbao, na rangi hiyo hutoka kazi ikifika kwa dobi.

Phulkari ya Punjab hushonwa kutoka nyuma kabisa. Fundi huhesabu nyuzi za khadi, kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mkono, akipitisha hariri isiyosokotwa. Mishono ya wima na ya mlalo hupokea mwanga tofauti, hata hariri ya rangi moja ikaonekana kama rangi mbili. Naipenda kuliko zote.

Kasuti ya Karnataka haina mafundo. Mshono wa gavanti huenda, kisha hurudi njia ile ile kujaza mapengo, na pande zote mbili zikafanana. Wiki chache za gavanti zitakunyoosha mkono.

Kwa zardozi, tarizi ya nyuzi za dhahabu na fedha, kitambaa hukazwa kwenye fremu ya mbao. Ukitumia aari, ile sindano ya ndoano, mkono wa juu huvuta na wa chini hulisha uzi bila kuonekana, kwa hiyo muombe fundi uchungulie chini ya fremu.

Kununua nako ni hivyo hivyo. Niliwahi kulipia gauni bei ya kazi ya mkono. Nyumbani nikaligeuza, nikakuta uzi wa pili wa cherehani ukipita chini ya kila ua, na maua yote sawasawa. Sasa naligeuza dukani, muuzaji akinitazama.