Om: msilikate neno kabla halijaisha

Mkuu, umeuliza kama Om ni jina la mungu fulani wa Wahindu, na kwa nini wanaotafakari hulivuta vile. Nilisoma Pune, India, miaka mitatu, nikapanga chumba kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Nakujibu kwa niliyoyapata barazani kwake.

Si jina la mungu mmoja. Wanaomwabudu mungu Shiva na wanaomwabudu mungu Vishnu wote huanza mantra zao, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, kwa Om, na Wabudha wa Tibet wanalo pia. Upanishadi ya Chandogya, moja ya maandiko ya kale ya Kihindu, inasema ni neno la kuitikia: mtu akiridhia jambo, husema om. Mimi husikia "naam" humo.

Silabi ni moja lakini ina sauti tatu, A, U na M. Kwenye Kisanskriti a ikikutana na u huzaa o, kama kwetu wa-ingi inavyokuwa wengi. Mandukya, Upanishadi fupi ya beti 12 tu, inasema A ni kuwa macho, U ni ndoto, M ni usingizi mzito usio na ndoto. Jaribu kinywani: A hufungua koo, U husogea midomoni, M hufunga mlango. Siku nzima na usiku wake, kwa pumzi moja.

Hali ya nne haina herufi. Huitwa turiya, yaani "ya nne" tu. Ni kile kimya kinachobaki, na ndicho Mandukya inachokiita Atman, nafsi yenyewe.

Hapo nilikosea miezi mingi. Nilikuwa nalitamka Om mara 108, nikihesabu kwa shanga, nikimaliza moja narukia nyingine, nikijiona mchapakazi. Alfajiri moja mzee akanishika mkono: "Mwanangu, unalikata neno kabla halijaisha." Akaniambia nifuate mvumo wa M mpaka upotee wenyewe, kisha nisifanye lolote. Hatukufika hata kumi siku ile, ila kwa mara ya kwanza nilikisikia kile kimya, na bajaji zilikuwa zimeshaanza kelele nje. Patanjali naye, kwenye kitabu cha kale cha yoga kiitwacho Yoga Sutra, anataka yote mawili, kulirudia na kuizingatia maana yake.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu, achana na 108 kwanza. Tamka moja taratibu, M ikiisha usiharakishe. Subiri pumzi irudi yenyewe, ndipo useme la pili.