Jibu: Kurudia viraka ukiwa na miaka 61

Shikamoo dada. Umeuliza kama kwa miaka 61 na macho yenye miwani unaweza kurudia kushona mablanketi ya viraka. Mbona mimi nimerudia mwaka jana tu, hapa Kirumba, Mwanza, na uzi natungiwa na mjukuu!

Vitambaa usinunue. Pita kwa mafundi cherehani wa eneo la Makoroboi uombe mabaki ya vitenge, ila yafue kabla ya kukata. Nilipuuza hilo, kitenge chekundu kikachuja, miraba yote myeupe ikawa na mabaka ya waridi. Kata miraba ya inchi 4.5, mshono ukila robo inchi kila upande, inabaki 4 kamili. Katikati, kati ya viraka na kitambaa cha chini, tandika blanketi jepesi kuukuu. Cherehani ya miguu inatosha, tena umeme ukikatika huna habari.