Eti Dylan wa miaka ya 80 ni wa kutupa?

SWALI: Kaka shikamoo, hapa kijiweni Moshi washkaji wanasema albamu za Bob Dylan, yule mwanamuziki wa Marekani, za miaka ya 80 ni za hovyo zote, kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Zote hapana aisee. Anza na Infidels ya 1983, sikiliza besi na dramu, hao ni Sly na Robbie wa Jamaika, mtu wa rege atawajua fasta. Ila Dylan akauacha nje wimbo uitwao Blind Willie McTell, piano yake na gitaa la Mark Knopfler basi, wimbo mkali kuliko karibu zote alizoweka humo, ukaja kutoka 1991, mi hilo linaniuma mpaka leo. Knocked Out Loaded ya 1986 imepwaya kweli, lakini usiruke Brownsville Girl aliyoandika na Sam Shepard, mwandishi wa tamthilia, dakika 11 za stori tupu. Down in the Groove pita tu. Oh Mercy ya 1989 itafute leo leo.