Bango la akriliki linalowashwa ukingoni: ushauri kwa fundi anayeanza

Kijana anayeanza kazi katika karakana yetu hudhani kwamba sehemu ngumu ya bango la akriliki, ile plastiki angavu kama kioo, linalowashwa ukingoni ni kuiendesha mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Mashine ataizoea mapema kuliko anavyotarajia. Kinachomchelewesha ni kuelewa mwanga unapita wapi, kwa kuwa bango hili haliangazwi kwa nyuma kama yale ya boksi yaliyojaa barabarani. Taa za LED hufichwa ndani ya kitako, mwanga wake ukaingilia kwenye unene wa shiti, yaani bamba lenyewe la akriliki, na kusafiri ndani yake hadi ukingo wa pili bila mtu kuuona.

Akriliki ina kipeo cha kupinda mwanga cha takriban 1.49. Kwa sababu hiyo, mwale unaougonga uso laini ukiwa ndani ya shiti, kwa pembe inayozidi nyuzi 42 hivi kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso huo, hauwezi kutoka nje. Hurudishwa ndani, ukaugonga uso wa upande wa pili, ukarudishwa tena. Unapochonga herufi unauharibu ule ulaini, na mwale unaofika hapo hutawanyika, ukatoka na kulifikia jicho la mtazamaji. Mwanga, hata hivyo, hautofautishi herufi uliyoikusudia na mkwaruzo wa pete ya kidoleni. Taa ikiwashwa, vyote viwili vitang'aa, na alama za vidole ulizoziacha kwenye uso nazo zitang'aa.

Kuhusu ununuzi sitakuwa na maneno mengi. Chagua akriliki iliyotengenezwa kwa kumiminwa kati ya vioo, si ile iliyosukumwa kwenye kinu, hata kama muuzaji atakuapia kwamba zote ni sawa. Chenga za ile ya kumiminwa hutoka zikiwa kavu. Za ile nyingine hulainika upesi na kunata kwenye biti, yaani kisu kinachozunguka cha mashine. Omba kipande cha majaribio kabla ya kulipia shiti nzima ya futi 4 kwa 8. Ubaya wa shiti ya kumiminwa ni kwamba unene wake haulingani kila mahali, na si ajabu shiti iliyouzwa kuwa ya milimita 5 ikapimwa 4.7 kwenye pembe hii na 5.2 kwenye pembe ile.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uifanyie hesabu. Biti yenye ncha ya nyuzi 60, ikizama milimita 0.5, huacha mstari wenye upana wa milimita 0.58 hivi. Ikizama milimita 0.7, upana unafika 0.81. Basi ukiweka sifuri ya mashine, yaani kimo inapoanza kuhesabia kina, kwa kupima kutoka mezani, shiti ikawa nene zaidi ya ulivyodhani upande wa kulia, herufi za upande huo zitatoka nene kuliko za kushoto, na taa itaitangaza tofauti hiyo kwa kila anayepita. Weka sifuri kwenye uso wa juu wa akriliki yenyewe, ipime pembe zote nne, na usawazishe kwanza ubao wa MDF (wa unga wa mbao ulioshindiliwa) unaolazwa chini kwa kuuparua na mashine hiyohiyo. Ukiona tofauti inazidi milimita 0.2 katika eneo la maandishi, geuza shiti au tafuta sehemu nyingine yake. Ni nafuu kupoteza kipande kuliko kupoteza siku.

Maandishi huchongwa nyuma ya bango, ili upande wa mbele ubaki laini na ufutike kwa urahisi. Hii ina maana kwamba mchoro lazima ugeuzwe kama unavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia. Kama bango ni la MAPOKEZI, kwenye skrini herufi ya kwanza kushoto inapaswa kuwa I, na E inapaswa kutazama kushoto. Usizitazame M, A na O, kwa sababu herufi hizo zinafanana hata zikigeuzwa na zitakudanganya. Tazama P, K, E na Z. Karatasi ya kinga iondoe upande unaochongwa tu, maana gundi yake hujikusanya kwenye ncha ya biti, lakini ya upande wa chini iache hadi dakika ya mwisho kabisa.

Chonga maandishi yote kwanza, kisha ndipo ukate umbo la nje, wakati shiti ingali nzima na imeshikwa imara. Kwa kukatia tumia biti ya milimita 3 yenye jino moja tu, iliyong'arishwa. Hapa ndipo woga wa mgeni humponza. Anaona plastiki inakatwa, anaogopa itapasuka, anapunguza kasi ya kusogea huku mota ikiendelea kuzunguka vilevile. Biti inaanza kusugua badala ya kukata, joto linapanda, na akriliki, ambayo hulainika kwenye nyuzi 100 hivi za Selsiasi, inaugandia upya mfereji nyuma ya biti. Hesabu yake ni rahisi: mota ikizunguka mara 16,000 kwa dakika, na ukataka jino litoe chenga ya milimita 0.1 kila mzunguko, mashine inapaswa kusogea milimita 1,600 kwa dakika. Ukitaka kupunguza mwendo, punguza na mizunguko. Hewa ya kompresa ielekezwe penye ncha muda wote, ipoze na kuziondoa chenga. Na kwa kuwa umeme wetu una tabia zake, andika kwenye daftari vipimo vya sifuri ya kila kazi, ili ukikatika katikati ya herufi uweze kurudi mahali palepale.

Kuna jambo ambalo sikufundishwa na mtu, nami nililipia. Nilipewa bango lenye nembo ya jua kubwa upande wa chini na maandishi mistari miwili juu yake. Nilichonga nembo kwa kina kirefu nikidhani naipa heshima inayostahili. Lilipowashwa, jua liling'aa hasa, lakini maandishi yaliyokuwa juu yake yalififia katikati, kama yaliyofunikwa na kivuli, na kweli kilikuwa kivuli: nembo ilikuwa imekwisha kuutumia mwanga uliokuwa ukielekea juu. Tangu siku hiyo kilicho karibu na taa nakichonga kwa wepesi, milimita 0.2 au 0.3, na kina naongeza kadiri ninavyosogea mbali na kitako. Sehemu pana siziparui zote. Nazijaza mistari iliyoachana, ili mwanga mwingine upite katikati.

Ukingo unaopokea mwanga unastahili subira kuliko kingo nyingine zote. Usugue kwa msasa namba 320 hadi alama za biti zitoweke, kisha 600, kisha 1000 yenye maji, na umalizie kwa polishi na kitambaa laini. Msasa uufunge kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, la sivyo utauviringisha ukingo na mwanga utamwagikia nje. Kingo nyingine tatu unaweza kuzibandika utepe wa fedha unaorudisha mwanga ndani, au kuziacha zing'ae kama fremu. Mimi hupendelea kuziacha, lakini ni suala la macho ya mteja.

Wapo wanaong'arisha ukingo kwa moto wa gesi. Ni njia ya haraka na huvutia kuitazama, lakini joto lile huacha mkazo ndani ya plastiki. Niliwahi kuung'arisha ukingo kwa moto, kisha nikaufuta kwa kitambaa chenye spiriti ili kuondoa mafuta ya vidole. Jioni bango lilikuwa safi. Asubuhi nilikuta nyufa nyembamba kama nywele zimeingia ndani kuzunguka pande zote, mamia yake, na kila ufa ulikuwa umeshika mwanga wake. Hazifutiki. Spiriti, thina na dawa za vioo zenye amonia ziweke mbali na meza ya akriliki. Maji ya uvuguvugu na matone ya sabuni yanatosha. Kitambaa kikavu nacho hakifai, kwani kusugua huitia akriliki chaji ya umeme tuli, na vumbi lote la karakana litakimbilia hapo.

Kwa taa, chagua LED zinazoingia ndani ya unene wa shiti. Chipu, yaani kitaa kimojakimoja kwenye mkanda wa LED, ya aina ya 5050 ina upana wa milimita 5 kamili, hivyo kwenye shiti ya milimita 5 sehemu ya mwanga wake hupotea pembeni. Ya 2835, iliyo nyembamba kuliko hiyo, hukaa vizuri zaidi. Mkanda wa volti 12 hukatwa kila baada ya chipu tatu, penye alama, wala si popote. Kama mkanda unakula wati 14.4 kwa mita na bango lako lina urefu wa sentimita 40, utahitaji chini kidogo ya wati 6, yaani karibu nusu ampia, na adapta ya ampia 1 itafanya kazi bila kuchoka.

Kabla ya kufunga kitako, zima taa za karakana, funga madirisha, uwashe bango na ulitazame kwa mbele, kwa nyuma na kwa pembeni. Na siku ya kulikabidhi, usiishie kwa meneja aliyelipa. Muulize ni nani anayefanya usafi pale mapokezi, ukaonane naye, umwoneshe kitambaa kibichi na maji ya sabuni, kwa sababu chupa ya dawa ya vioo anayo mkononi kila asubuhi.